Rimu au daftari la kuchorea? Kwa anayeanza kuchora

Vijana wanaonikuta nimekaa na penseli ufukweni Mikindani, hapa Mtwara, wana swali moja: "Kaka, ninunue karatasi gani?" Wengi wameshaambiwa kwamba mchoraji wa kweli lazima awe na daftari la kuchorea, lile lenye jalada gumu, na kwa kuwa hela yake hawana, wanasubiri. Miezi inapita hawajachora kitu. Hilo linaniuma, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kama ndiyo kwanza unaanza, nunua rimu ya karatasi za fotokopi. Kama rimu nzima ni nzito mfukoni, changeni wawili mgawane. Daftari litakuja baadaye, kwa kazi yake.

Rimu ina karatasi 500. Chukua bei yake uigawe kwa 500, kisha chukua bei ya daftari la kuchorea uigawe kwa idadi ya kurasa zake, utaona mwenyewe. Lakini kwangu hela si sababu kubwa. Sababu kubwa ni mkono. Anayejifunza anatakiwa aharibu karatasi nyingi, na daftari la bei linamfunga mikono: kila ukurasa anauogopa, anafuta kila mstari, wiki nzima yuko kwenye jicho moja. Kwenye rimu utachora ngalawa ile ile asubuhi nzima, kila mara dakika mbili tu, na hakuna karatasi itakayokuuma ukiitupa. Huko ndiko mkono unakofunguka.

Ukiwa steshenari, soma pembeni ya pakiti. Tafuta palipoandikwa gsm 80, maana yake mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80. Karatasi ya A4 ni sehemu ya kumi na sita ya mita ya mraba, kwa hiyo kila moja ina gramu 5, na rimu nzima ni kama kilo mbili na nusu. Ziko pia za gsm 70, nyepesi zaidi; hizo ukifuta kwa nguvu zinachanika upesi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mahali rimu inapoishia. Chora kivuli cha chini ya mkorosho saa saba mchana, kile kizito kabisa, kwa penseli ya 6B, ile laini yenye weusi mzito. Tabaka la kwanza linakubali. La pili linakubali. Ukifika la tatu karatasi inaanza kung'aa, penseli inateleza juu yake, na weusi hauongezeki tena hata ukandamize vipi. Ukikandamiza sana, unaacha mfereji ambao raba haiwezi kuuondoa. Karatasi ya fotokopi hulainishwa ili ipite vizuri kwenye mashine, kwa hiyo haina vishimo vya kutosha kushika unga wa penseli. Pitisha kidole kwenye karatasi nzuri ya kuchorea utasikia inakwaruza kidogo. Vishimo hivyo ndivyo unavyolipia. Vinapokea tabaka juu ya tabaka, na kivuli kinakuwa na kina. Mkaa ndiyo kabisa: kwenye karatasi laini hauna pa kujishikia, ukipuliza tu umekwenda.

Kwa hiyo kabla hujauliza karatasi gani, jiulize utachorea nini. Peni ya kawaida ya wino mzito inakwenda vizuri sana kwenye rimu, pengine kuliko kwenye karatasi yenye mikwaruzo, kwa kuwa haikwami. Penseli ya HB na 2B, ambazo ni ngumu kuliko 6B, hazina shida. Kalamu za maka zitavuja hadi karatasi ya chini, basi weka ya akiba chini yake. Rangi ya maji usithubutu: karatasi itajikunja na kuvimba. Na hapa usidanganyike na jalada, kwani madaftari mengi ya kuchorea ni gsm 90 hadi 120, nayo pia hayakutengenezwa kwa maji. Rangi ya maji inataka karatasi nzito, gsm 300 hivi.

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyezaliwa kwa jirani zetu Tunduru, alipaka rangi ya mafuta inayong'aa juu ya vipande vya hadibodi. Vitu vya dukani, vya bei ya chini, lakini vilipatana: rangi ile ingelowesha karatasi na kuiharibu, ila kwenye hadibodi ikakaa na kung'aa. Mimi nikimfikiria huwa naona kwanza huko kupatana, kabla ya wale ndege na wanyama wake.

Rimu ina faida nyingine ambayo wenye madaftari hawana. Karatasi zake ni nyembamba. Mchoro ukikupendeza nusu, mfano ngalawa imekaa vizuri lakini mtu aliyemo hajakaa sawa, weka karatasi mpya juu yake, ubandike zote mbili kwenye kioo cha dirisha chenye mwanga, uchukue kilicho kizuri na urekebishe kibaya. Nimejifunza zaidi kwa njia hii kuliko kwa kitu kingine chochote.

Nje ya nyumba, daftari linashinda. Upepo wa kusi ukianza kuvuma huku pwani, karatasi za mojamoja zinakwenda baharini. Dawa yake ni kipande cha hadibodi kilichozidi A4 kidogo, na vibanio viwili, kimoja juu na kimoja chini. Fundi seremala anaweza kukupa kipande kilichobaki. Weka pia karatasi chakavu chini ya kiganja, maana jasho la Mtwara linaacha alama kwenye mchoro.

Kutunza ni jambo la wote, wa rimu na wa daftari. Kipindi cha kifuku hewa inabeba unyevu na karatasi inalegea, kwa hiyo zilizobaki ziache ndani ya pakiti yake, ile ganda imetengenezwa kuzuia unyevu. Michoro iliyokamilika itenganishe kwa karatasi tupu, iweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, juu ya meza. Sakafuni kuna mchwa. Wengine wanaogopa karatasi ya fotokopi itageuka njano. Inayogeuka njano haraka ni ya gazeti, kwa sababu ya lignini ya mti iliyobaki ndani yake. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi hazina asidi, ukiziweka mbali na jua zitakaa.

Siku ukitaka kuchora kitu cha kumpa mtu, au cha kuuza, hapo ndipo ununue karatasi nzuri. Kama daftari halipatikani, manila inauzwa karatasi mojamoja, na ukiikata unapata vipande kadhaa vizito. Nenda dukani na penseli yako. Omba kipande cha pembeni, paka tabaka tatu za weusi, futa nusu yake, kisha uangalie kwenye mwanga. Ikitoa nyuzi ulipofuta, rudisha. Ikibaki safi na weusi umeshika, hiyo inunue.