Maswali na majibu: Saa nane usiku, nani yumo hospitalini?

Barua nyingi safari hii zinauliza namna ya kupima programu ya utarajali, yaani mwaka mmoja wa kazi na mafunzo kwa daktari wa mifugo aliyehitimu, katika hospitali za mbwa na paka. Zilizojirudia nimeziunganisha. Waliouliza "wanalipa kiasi gani" wasome tangazo la programu husika. Limeandikwa kwa kazi hiyo.

Programu ipi ni bora kuliko zote?

Hakuna. Andika kwanza unataka kuwa nani baada ya miezi 12, halafu uniulize tena.

Nikimaliza chuo, ni lazima nifanye utarajali?

Inategemea sheria ya nchi unakotaka kutibu. Kuna bodi zinazoudai kabla ya kukusajili. Marekani leseni haiudai: ukihitimu, ukafaulu NAVLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa mifugo, na kutimiza masharti ya jimbo, unaanza kazi. Anayetaka ubingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya ndani ndiye ambaye kwa kawaida huombwa mwaka mmoja wa utarajali wa kuzunguka idara, au uzoefu unaolingana nao. Kama unataka kutibu kliniki ya kawaida tu, kliniki yenye daktari mzoefu anayependa kufundisha inaweza kukupa zaidi, tena kwa mshahara kamili.

Tangazo linasema madaktari bingwa "wanapatikana saa 24". Si usimamizi huo?

Si lazima. Neno "wanapatikana" linaficha mengi kuliko neno jingine lolote katika matangazo haya. Bingwa aliyesimama upande wa pili wa meza anapatikana. Aliye chumba cha pili anapatikana. Aliye kwake na atakuja akiitwa, anapatikana. Aliye kwake, ataongea kwenye simu lakini hatatoka kitandani, naye anapatikana. Hata yule anayejibu ujumbe wako asubuhi yumo kwenye hesabu.

Chukua paka dume aliyeziba mkojo, ameletwa saa nane usiku. Potasiamu ya damu ni 9, juu mno, moyo unapiga mara 90 kwa dakika wakati ulitakiwa upite 140, na mawimbi ya T kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, yamechongoka. Dozi unaijua: kalsiamu glukonati ya asilimia 10, mililita 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito, polepole kwenye mshipa kwa dakika 5 hadi 10, macho yako kwenye ECG. Unajua pia kwamba kalsiamu haishushi potasiamu. Inaukinga moyo kwa nusu saa hivi, na ndani ya muda huo insulini na glukosi, dripu na kuzibua njia ndivyo vinavyoiondoa shida yenyewe. Yote hayo umeyajibu kwenye mtihani.

Kinachomshinda mtarajali si dozi. Ni kutazama ECG na kuamua kama kalsiamu iendelee au isimame. Ni kupima dawa ya kutuliza kwa paka ambaye moyo wake unasuasua. Ni kuhisi kwa vidole kwamba mpira wa mkojo umekwama, kwamba hapa panahitaji kusukuma maji na kubadili pembe, maana ukilazimisha utatoboa njia. Mtu wa kwenye simu haoni ECG na hashiki mpira. Kumekucha, paka amezibuliwa, sasa anakojoa kuliko dripu inayoingia, na kama hakuna aliyekufundisha kupima mkojo kila baada ya saa chache na kuilinganisha dripu nao, utampoteza kwa kukauka baada ya kumwokoa.

Kwa hiyo usiulize kama "kuna usimamizi". Uliza mwezi uliopita daktari mwandamizi aliitwa usiku mara ngapi, akaja mara ngapi, akachukua dakika ngapi kufika. Uliza mtarajali huachwa peke yake usiku kuanzia wiki ya ngapi. Wakikujibu wiki ya pili, hapo hutafutwi mwanafunzi. Anatafutwa daktari wa usiku wa bei nafuu. Programu iliyofikiriwa ina ngazi: wiki za mwanzo mwandamizi yuko mezani nawe, baadaye anahamia chumba cha pili, baadaye zaidi anakuwa kwake lakini anakuja. Ngazi hizo ziwe zimeandikwa. Zikiwa kichwani mwa mkurugenzi tu, mtu mmoja akiugua zinafutika.

Hospitali ina CT, MRI na mashine ya kupumulia. Ni dalili nzuri?

Ni dalili kwamba wana mkopo wa kulipa. Uliza nani anasoma picha. Kama zote zinatumwa kwa msomaji aliye mbali, utapata ripoti, hutapata jicho. Na uliza kama mtarajali anaruhusiwa kushika kifaa cha ultrasaundi au kazi yake ni kumshika mbwa.

Wana mabingwa 14 kwenye orodha yao na watarajali 6. Uwiano huo si mzuri?

Hesabu siku, usihesabu majina. Bingwa wa macho anayekuja siku moja kila wiki mbili ni jina zima kwenye orodha na sehemu ya kumi ya mtu kwenye ratiba. Mwingine amepanga vyumba katika jengo hilo lakini biashara yake ni tofauti, wala hana wajibu wowote kwako. Omba ratiba ya wiki 52 ya mtarajali wa mwaka huu, si ya mfano. Toa likizo, toa dharura, toa usiku. Zilizobaki ndizo wiki zako na mabingwa. Nafasi zinazojiita za kuzunguka idara huku nusu ya mwaka ikiishia dharura ni nyingi. Dharura inafundisha, tena sana, ila iitwe kwa jina lake.

Wanaahidi "upasuaji mwingi". Niuamini?

Omba idadi, na useme wazi unauliza upasuaji ambao mtarajali alishika kisu mwenyewe kuanzia kukata ngozi hadi kushona. Kuvuta kingo za jeraha kwa saa mbili si upasuaji wako. Taja aina: kutoa wengu, kutoa mfuko wa uzazi wenye usaha, kutoa mawe kwenye kibofu, kufungua utumbo kutoa kitu kilichomezwa, na tumbo la mbwa lililojaa gesi na kujisokota. Programu inayotunza daftari la kazi za watarajali itakupa namba siku hiyo hiyo. Isiyolitunza itakuambia "inategemea unavyojituma".

Hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeliuliza, na ndilo ningelianzia. Mshono wa utumbo ukiachia, mara nyingi huachia siku ya 3 hadi ya 5. Ratiba nyingi zinamhamisha mtarajali kila baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo anayeshona vibaya Ijumaa anaweza kuwa idara ya ngozi wakati mbwa wake anarudi Jumatatu akiwa na usaha tumboni. Mwingine atamfungua tena, wewe utabaki ukijiona fundi. Uliza kama kuna mkutano wa kujadili vifo na madhara, unafanyika mara ngapi, na kama mtarajali huitwa pale mgonjwa wake anaporudi. Mahali ambapo mkutano huo haupo, au upo kwa ajili ya kutafuta wa kulaumiwa, utafanya upasuaji 50 na kurudia kosa la kwanza mara 50.

Chuo kikuu au hospitali binafsi?

Chuoni raundi, vikao vya kujadili wagonjwa na kufundishana, huwa za uhakika zaidi na watu wamezoea kuulizwa "kwa nini". Lakini kati yako na mgonjwa kuna msururu wa wanaosomea ubingwa, nao wanahitaji upasuaji huo kuliko wewe. Usipoangalia utamaliza mwaka ukiandika mafaili. Hospitali binafsi ya rufaa inakupa mikono mingi, na mafundisho yanayotegemea kama siku hiyo foleni ni fupi. Swali moja linatosha kwa zote mbili: raundi iliyopangwa ikigongana na wagonjwa wengi, nini huahirishwa, na hufidiwa lini?

Saa 80 kwa wiki ni kawaida?

Ni kawaida kwa maana kwamba zipo. Wiki ina saa 168. Toa 80 za kazi, toa 49 za kulala saa 7 kila siku, zinabaki 39, chini ya saa 6 kwa siku za kula, kuoga, kusafiri na kusoma kuhusu wagonjwa ulioshindwa kuwaelewa. Kinachokatwa kwanza ni kusoma, cha pili ni usingizi. Kuhusu pesa, gawa mshahara wa mwaka kwa saa halisi: wiki 50 mara 80 ni saa 4,000, maradufu ya mtu wa saa 40. Kwa hiyo mshahara unaouona uko nusu ya unavyoonekana.

Kuliko jumla ya wiki, ulizia mapumziko kati ya zamu na zamu. Zamu ya saa 12 ambayo kwa karatasi inaisha saa moja asubuhi huisha saa nne, kwa sababu ya kukabidhi wagonjwa na kuandika mafaili. Kama unatakiwa kurudi saa moja jioni, umebakiwa na saa 9 zikiwemo za njiani. Kosa la desimali kwenye dozi hutokea hapo.

Niwaulize nini watarajali waliopo?

Kwanza usiwaulize mbele ya mkurugenzi, na usiridhike na yule mmoja waliyekuchagulia. Zungumza kwa simu na watu 3 angalau, mmoja wao awe alimaliza mwaka mmoja au miwili nyuma: huyo hasubiri tena barua ya mapendekezo, ulimi wake umefunguka. Uliza mambo yaliyotokea, si maoni. "Unapapenda?" litakupa "ndiyo". "Raundi ya mwisho kufutwa ilikuwa lini?" litakupa tarehe. Uliza walianza wangapi na wakamaliza wangapi. Aliyeondoka katikati mtafute. Uliza waliomaliza wameenda wapi, wote, si wale wawili waliopata nafasi za ubingwa na kubandikwa picha ukutani.

Na wauguzi msiwasahau, mbona kila mwaka mnawasahau? Wagonjwa waliolazwa 20 na muuguzi mmoja usiku maana yake mtarajali ndiye muuguzi wa pili.

Kwenye VIRMP, mfumo wa Marekani wa kulinganisha waombaji na programu, nipange vipi orodha yangu? Niweke juu zile nitakazozipata kirahisi?

Swali hili huja kila mwaka na kila mwaka wapo wanaojiumiza nalo. Panga kwa unavyotaka kweli. Kuweka juu programu usiyoipenda kwa kudhani ni rahisi kunakupa programu usiyoipenda. Na usiorodheshe kabisa mahali ambapo hutaki kwenda: mfumo huu, unaoendeshwa na American Association of Veterinary Clinicians, unazifunga pande zote mbili, wewe na programu. Ukikupangia programu, umekubali. Orodha ya 5 ulizozichunguza ni salama kuliko ya 15 za kubahatisha.

Nimekosa nafasi ya ubingwa. Wananishauri utarajali wa pili, wa fani moja, hapo hapo.

Waulize watarajali wao wa fani hiyo waliopita wangapi walipata ubingwa. Wakianza kueleza badala ya kutaja namba, tafuta kwingine.

Mkataba una kurasa 9. Nisome kipi zaidi?

Zote 9. Ukikosa subira, anza na kifungu cha kukuzuia kufanya kazi eneo hilo baada ya kuondoka: kilomita ngapi, miaka mingapi. Kisha nani analipa bima ya makosa ya kitaaluma, na kama inalinda madai yatakayoletwa baada ya wewe kuondoka. Kisha siku za ugonjwa, na kama unazilipa kwa zamu za usiku. Mwisho kipengele cha kurudisha gharama za mafunzo ukiacha kabla ya muda. Hicho kikiwemo, wape ombi la maandishi wakuorodheshee mafunzo hayo ni yapi na kila moja linagharimu kiasi gani, kabla hujatia sahihi.