Maswali ya Wasomaji: Maneno Mnayoyapenda na Maana Zake

Tuliwaomba wasomaji watuandikie neno wanalolipenda, liwe la lugha yoyote ile, pamoja na swali walilo nalo kuhusu maana yake. Katika toleo hili tunajibu barua nne.

SWALI: Ndugu Mhariri, neno ninalolipenda kuliko yote ni "ilunga" la Kitshiluba. Nimesoma kwamba ni mtu anayesamehe kosa mara ya kwanza, akalivumilia mara ya pili, lakini mara ya tatu hasamehi wala havumilii, na kwamba hakuna neno gumu zaidi kutafsiri duniani. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, neno lipo, ila sifa uliyoisoma haina msingi imara. Ilienea mwaka 2004, kampuni moja ya tafsiri ya Uingereza ilipotangaza orodha ya maneno magumu kutafsiri, ambayo ilisema imetokana na maoni ya wanaisimu 1,000, na "ilunga" likaongoza. Kwa Waluba wenyewe, wenye lugha hiyo huko Kongo, hata hivyo, Ilunga ni jina la mtu, tena la kawaida kabisa. Masimulizi ya kuanzishwa kwa dola yao yanamtaja Kalala Ilunga. Maana ile ndefu imetiliwa shaka tangu orodha ilipotoka.

Hata tukikubali kwamba maana hiyo ni sahihi, wewe mwenyewe umekwisha kuitafsiri, na kwa sentensi moja tu. Kukosa neno moja linalolingana na jingine si kushindwa kutafsiri. Isitoshe, mipaka ya neno huwekwa na sarufi ya lugha husika: sisi tunasema "tusiowasamehe", na ndani yake mna mtendaji, ukanushi, urejeshi, mtendwa na kitenzi, wala hakuna anayestaajabu. Mgeni angeweza kuliingiza neno hilo katika orodha ya maajabu, nasi tungebaki tukicheka.

Ndivyo lilivyotendewa "mamihlapinatapai", neno la Kiyaghan, lugha ya ncha ya kusini kabisa ya Amerika ya Kusini, ambalo kitabu cha Guinness kililitaja kuwa ndilo linalobana maana nyingi kuliko mengine. Huelezwa kuwa ni ule mtazamo wa watu wawili, kila mmoja akitumaini kwamba mwenzake ataanza jambo wanalolitaka wote wawili, na hakuna anayethubutu kulianza. Ukilichambua utakuta shina lenye maana ya kutatizika, kiambishi cha kujirejea na alama ya watu wawili. Mengine yote yameongezwa na wafasiri. Cristina Calderón, anayetambuliwa kuwa mtu wa mwisho aliyekua akiizungumza lugha hiyo, alifariki Februari 2022 nchini Chile, kwa hiyo hatuna tena mzawa wa lugha wa kumuuliza kama fasiri hiyo tamu ndiyo waliyoikusudia wenyewe. Lipende neno lako, ndugu yangu, lakini ulizia kwanza wenye lugha wanalitumiaje.

SWALI: Katika Kihindi, neno "kal" ni jana na pia ni kesho. Nalipenda kwa sababu linanishangaza. Watu hawa hupatanaje kuhusu miadi?

JIBU: Hupatana bila shida yoyote, kwa sababu kitenzi ndicho kinachoamua: "kal" ikifuatwa na "alikuja" ni jana, na ikifuatwa na "atakuja" ni kesho. Kiurdu nacho hufanya vivyo hivyo. Lugha hizo zina pia "parson", ambalo kwetu ni juzi na kesho kutwa kwa pamoja. Kabla hatujashangaa sana, tukumbuke "sasa hivi" yetu: katika "ametoka sasa hivi" inaangalia nyuma, na katika "naja sasa hivi" inaangalia mbele, wakati mwingine mbele sana.

Upande wa siku zijazo, Kiswahili ni tajiri kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Baada ya kesho kutwa kuna mtondo, na baada ya mtondo kuna mtondogoo. Ni maneno yanayostahili kurudishwa vinywani badala ya kubaki kamusini. Kijapani nacho kina "shiasatte", siku inayofuata kesho kutwa, ingawa katika baadhi ya maeneo ya Japani neno hilohilo huwa ni siku moja mbele zaidi. Kwa miadi ya huko ni heri kutaja tarehe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, na neno nisilolipenda ni "aljebra". Kuna lolote la kupendeza ndani yake?

JIBU: Lipo, mwanangu. Asili yake ni Kiarabu, "al-jabr", yaani kurejesha mahali pake kilichoachana, na lilihusu pia kuunga mifupa iliyovunjika. Kihispania cha zamani kilimwita mwunga mifupa "algebrista". Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alilitumia katika jina la kitabu chake cha hesabu. Ukiwa na x – 3 = 5, ukairudisha ile 3 iliyoondolewa ili x iwe nzima tena, umefanya "al-jabr" yenyewe. Shina hilohilo limetupa "jabari", na jina la mwandishi huyo ndilo lililozaa "algoritimu".

SWALI: Nalipenda neno la Kiaislandi "tölva", yaani kompyuta. Kwa nini "tarakilishi" yetu haikuenea kama hilo?

JIBU: Maneno haya mawili yanafanana kwa ajabu. "Tölva" liliundwa miaka ya 1960 kwa kuunganisha "tala", yaani namba, na "völva", mwanamke mtabiri. "Tarakilishi" limeunganisha tarakimu na akili. Kwa uzuri, sioni lililozidiwa. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni wakati: "tölva" liliwahi kabla mashine hizo hazijaingia majumbani, na likawakuta wananchi waliozoea kuunda maneno yao badala ya kukopa, ilhali "tarakilishi" lilipofika, "kompyuta" lilikuwa limekwisha kuketi. Nalo ni neno jepesi, lenye irabu mwishoni na wingi usio na usumbufu, kwa hiyo halikuwapa wasemaji sababu ya kuliacha. Kule Aislandi "tölva" limezoeleka kiasi kwamba wengi hulikosea na kusema "talva", na walimu hawachoki kuwasahihisha.