Uhakiki wa Kitabu si Karatasi ya Tatu

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye kurasa za fasihi, nawapenda lakini mnanipandisha presha. Kwenye maonyesho ya vitabu pale Sarit Centre nilimwona mmoja wenu amemwekea mwandishi simu mdomoni akimwuliza, "Kitabu chako kinahusu nini?" Nakala aliyoishika kwa mkono wa pili ilikuwa bado imo ndani ya nailoni yake. Mama wa watu akatabasamu, akamtajia kwa moyo yale yaliyoandikwa kwenye jalada la nyuma, na hayo hayo ndiyo yaliyotoka wikendi iliyofuata yakiitwa uhakiki. Basi hata mkininunia, nasema.

1. Soma kitabu chote. Mara ya pili shika penseli.

2. Karatasi ya Tatu, ule mtihani wa fasihi katika Kiswahili cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, iacheni shuleni. Nikipokea kazi zenu naiona waziwazi: aya ya kwanza ufaafu wa anwani, ya pili maudhui, ya tatu wahusika na sifa zao (ni katili, ni mwenye bidii, ni msaliti), ya nne mbinu za lugha, tashbihi zimepangwa kama nyanya za gengeni. Msomaji aliyeketi zake Buruburu na gazeti la Jumamosi hatahiniwi na mtu. Anataka kujua riwaya inashika wapi, inalegea wapi, na kama atoe pesa zake. Bei nayo iandikeni, kwa sababu tangu Sheria ya VAT ya 2013 kitabu kinatozwa asilimia 16 na mnunuzi anaisikia mfukoni.

3. Dondoo. Hapa mnivumilie, maana hili silisimulii nikicheka.

Nilipokuwa mgeni kama nyinyi nilipewa riwaya ya mwalimu mmoja wa sekondari. Msimulizi wake ni mzee mwenye mali anayedharau elimu ya wasichana kuanzia ukurasa wa kwanza, tena kwa ulimi mtamu, mpaka unajikuta unacheka naye. Kisha taratibu kitabu kinamgeuka. Kila anachojisifia kinamwumbua, na sura ya mwisho anasomewa barua na binti yule yule aliyemnyima karo, kwa kuwa yeye mwenyewe macho yameisha. Ujanja wote wa riwaya umo humo.

Mimi nilikuwa na saa chache kabla ya ukurasa kufungwa. Nikachomoa sentensi moja kali ya yule mzee, nikaitanguliza kwa "mwandishi anaamini kwamba", na mhariri aliyependa moto akaipandisha kuwa kichwa cha habari. Nukuu ilikuwa sahihi hadi mkato wa mwisho. Nambari ya ukurasa niliiweka pia, nikijiona msomi.

Wiki hiyo shuleni kwake kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mzazi mmoja akasimama na gazeti limekunjwa mara nne, akasoma kichwa kile kwa sauti, mwalimu akiwa amekaa mbele na walimu wenzake. Nusu ya watoto aliowafundisha ni wasichana.

Alinipigia simu Jumatatu. Hakufoka. "Kijana, ulisoma au ulichimba dondoo?"

"Mwalimu, maneno yamo kitabuni."

"Yamo. Kayasema nani?"

Msemaji ni nani, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani: alama nne za bwerere ambazo shuleni sikuwahi kuzikosa. Gazeti lilitoa masahihisho, mistari mitatu chini ya tangazo la zabuni. Nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai, akazungumzia mvua na usahihishaji wa mitihani mpaka nikaaga. Kitabu hakukigusa. Na mtu wa mauzo wa mchapishaji wake, kila nilipoomba nakala ya kuhakiki, alinijibu kwamba zimeisha.

Kwa hiyo mkiandika "mwandishi anasema", nawarudishia kazi bila maelezo. Kunukuu hamjakatazwa, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki mradi umetaja chanzo. Muktadha sheria haiulizi. Mwandishi atauliza.

4. Maswali ya mahojiano. "Nini kilikusukuma kuandika?" ni swali ambalo mwandishi amelikariria jibu tangu siku ya uzinduzi. Fungua kitabu mbele yake: "Hapa mama anaondoka bila kuaga. Ilikuwa hivi tangu mswada wa kwanza?" Kisha unyamaze, hata kama chai inapoa. Niliwahi kumwuliza mmoja hivyo, karibu na Kenya National Theatre, akageuza kikombe weee, halafu akanieleza kwamba kulikuwa na sura nzima ya kuagana, ya chumbani, na mchapishaji akaitoa kwa matumaini kwamba kitabu kingepita KICD, wale wanaoidhinisha vitabu vya shule. Ndiyo biashara yetu hiyo. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya watu wazima huandikwa huku jicho moja likiwatazama watoto wa kidato cha tatu. Mhakiki asiyelijua hilo atamlaumu mwandishi kwa kisu kilichoshikwa na mwingine.

5. Kitabu cha rafiki yako mpe mwenzako ahakiki. Mwandishi akikutumia "ya chai" kwa M-Pesa, irudishe siku hiyo hiyo kabla hujaipigia hesabu.

6. Anza na ukurasa wa hakimiliki. Jalada jipya halifanyi kitabu kuwa kipya. Mmoja wenu, simtaji, aliisifu kama "riwaya mpya kabisa" chapa mpya ya kitabu kilichotoka kabla hajazaliwa, akampongeza mwandishi kwa ujana wa kalamu yake, akamaliza: "Tunasubiri kwa hamu kazi yake ijayo." Simu ya familia ya marehemu niliipokea mimi.