Kwa nini kibwagizo kinajirudia katika shairi la ndoa?

Mshororo wa mwisho kurudi kila ubeti si dalili kwamba mshairi kaishiwa maneno. Hiyo ni kawaida ya tarbia: kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo aghalabu una mizani (silabi) 16 zilizogawanywa nane kwa nane, na wa nne ukirudiwa ndio kibwagizo. Chukua huu, nimeutunga sasa hivi: “Ndoa yataka subira, si harusi peke yake.” Mshororo huo ukifunga ubeti wa shangwe, unasikika kama onyo. Baada ya ubeti wa ugomvi, ni faraja. Baada ya ule wa uzeeni, karibu uwe sifa. Maneno ni yaleyale, ila mishororo mitatu iliyotangulia imeyapa uzito mwingine. Marudio huchosha pale tu beti zote zinaposema jambo moja (na mashairi ya namna hiyo, jamani, yapo tele).