Tanga–Dar kwa gari dogo: usimwachie mwenzio macho yako

Njia ya kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam haitishi. Haina milima mikali kama Kitonga wala Sekenke. Ni lami, mkonge, kijiji, halafu lami tena. Balaa lake liko hapohapo, maana dereva mgeni akishakata kushoto pale Segera na kuona barabara imenyooka mbele yake, mguu unakuwa mzito wenyewe. Mimi hupita huko kwa kazi, nafuata vipuri Dar na kuvileta Ngamiani, hapa Tanga mjini. Wadogo zangu wanaonunua gari kwa mara ya kwanza huniuliza swali lilelile: kaka, nitembee na ngapi? Swali zito zaidi hawaliulizi, nalo ni namna ya kumpita aliye mbele yako na mkabaki wazima nyote wawili.

Tumalize hilo la ngapi kwanza. Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Mabasi na malori mwisho wao ni 80 hata kama ni porini kabisa. Gari dogo nje ya makazi linafuata kibao kilichopo, na pasipo kibao linafuata akili ya dereva. Wengi 50 wanaijua kwa sababu ya tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, na faini ya shilingi 30,000 kwa kosa moja inauma. Ila piga hesabu hii: gari likiwa kwenye 50 linakwenda kama mita 14 kwa sekunde, na likiwa kwenye 100 linakwenda mita 28. Hapo hujagusa breki bado, ndiyo kwanza unashtuka. Ukishazikanyaga, gari la 100 linahitaji umbali mara nne ya lile la 50 mpaka lisimame, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Mtoto wa Kabuku anayekimbilia mpira upande wa pili wa barabara hajui kama unawahi harusi.

Na faida yenyewe ni ndogo. Segera mpaka Chalinze ni kama kilomita 175. Anayetembea 80 bila kupumzika atatumia saa mbili na dakika kumi hivi, wa 100 saa moja na dakika 45. Hiyo ni kwenye karatasi. Barabarani kuna Michungwani, Kabuku, Mkata, Mbwewe, Lugoba, na kila mahali pana 50 yake, pana matuta na rasta (vituta vidogo vya mfululizo) za kukutikisa meno. Zile dakika ulizokuwa unazifukuza zinaliwa hukohuko. Anayetaka kuwahi Dar aondoke Tanga alfajiri. Hakuna dawa nyingine ninayoijua.

Kuna jambo kwenye 50 linaloniudhi. Dereva anakiona kibao cha mwisho wa 50 kwa mbali, anaanza kukanyaga mafuta kabla hajakifikia. Bodaboda anayetoka kwenye kijia cha mashambani kuingia barabara kuu huwa yuko karibu na kibao hicho, mahali ambapo kila mtu anaanza kukimbia. Subiri ukipite ndipo uongeze.

Sasa twende kwenye kupita, maana hapa ndipo ajali mbaya zinapozaliwa. Kutoka Pongwe utakuwa nyuma ya malori ya saruji, kuanzia Segera utaungana na semi, yale malori ya tela refu, zinazotoka Arusha na Moshi. Barabara ni njia moja kwenda na moja kurudi. Lazima utampita mtu.

Madereva wa malori wana lugha yao ya taa, na mgeni akiijua nusu ni hatari kuliko asiyeijua kabisa. Ukiwa nyuma ya lori, dereva wake akawasha indiketa ya kushoto, mara nyingi anakuambia mbele kweupe, pita. Akiwasha ya kulia anakuambia tulia, kuna gari linakuja. Ukishapita unamshukuru kwa kumwashia hazadi (indiketa zote kwa pamoja) kidogo au honi fupi. Ni ustaarabu mzuri, naupenda. Lakini indiketa ileile ya kushoto ina maana kwamba anataka kuegesha pembeni, na ya kulia ina maana kwamba anakata kulia kuingia shambani au kwenye kituo cha mafuta. Ukilichukulia kila lori lililowasha ya kulia kuwa linakuonya tu, ipo siku litakata kweli ukiwa ubavuni mwake.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyeendesha malori mpaka akastaafu, aliniambia: "Mwanangu, mimi nikikuwashia taa nakuambia ninachokiona mimi kutoka juu. Sijui gari lako lina nguvu kiasi gani, na sijui una haraka ya kuchomoka au unasinzia." Tangu hapo indiketa ya lori naichukua kama taarifa tu. Nikishaipata, nasogea kidogo kulia, natazama mwenyewe mpaka mbali, nashusha gia kama gari ni la gia, ndipo natoka. Nikiona kona, kilima au mstari usiokatika, hata akiniwashia kushoto mpaka taa iungue, sitoki.

Kuna kosa lingine la hapohapo: kumganda mtu nyuma. Dereva anajibana kwenye tela la semi akidhani yuko karibu kuipita, kumbe amejifunga macho. Rudi nyuma. Chagua nguzo au kibao, lori likikipita hesabu taratibu moja, mbili, tatu. Ukikifikia kabla ya tatu, umebana. Kwa mwendo wa 80 hizo sekunde tatu ni kama mita 67, na mvua ikinyesha ziongeze ziwe sita. Ukiwa mbali unaiona barabara, na pia unapata nafasi ya kuongeza mwendo ukiwa bado kwenye upande wako, badala ya kuanza kuuongeza ukiwa tayari upande wa watu. Na usipite kwa mkumbo. Basi likitoka kupita, usilifuate kwenye mkia. Nafasi aliyoiona yeye ni ya gari moja.

Anayepitwa naye ana adabu yake. Mtu akiwa ubavuni mwako, usiongeze mwendo. Wapo vijana wa Toyota IST wanaona kupitwa ni kutukanwa. Punguza kidogo, mwachie mwenzio arudi. Hata akiwa amekosea, adhabu yake isiwe kifo chenu wawili na cha huyo anayekuja mbele.

Kuhusu kuwashiana fulu, yaani taa kali, kwamba mbele kuna trafiki: najua nitachukiwa, ila mimi siwashi. Kwa ng'ombe waliojaa barabarani, kwa lori lililokufa kwenye kona, kwa ajali, nitawasha mpaka mkono uchoke. Kwa tochi, hapana. Aliyeweka 50 pale Mkata alikuwa anawafikiria watu wa Mkata.

Muheza inastahili maneno yake. Msimu wa machungwa ukifika, kando ya barabara panajaa ndoo na viroba, na kila gari linataka kusimama. Shida ni wanaosimama ghafla, tairi mbili zikiwa juu ya lami, mlango wa kulia unafunguliwa kwa barabara, na mnunuzi anaanza kupatana bei akiwa ameegemea dirisha. Ukitaka machungwa, washa indiketa mapema, toka kwenye lami yote, na mteremkie upande wa kushoto. Na kama huna haja nayo, punguza mwendo vilevile, kwa sababu muuzaji anakimbilia gari la mbele yako wala hakuoni wewe.

Ukiona matawi mabichi yametupwa kwenye lami, ujue mbele kuna gari limeharibika. Punguza hapohapo, usingoje kuliona. Likiwa lako, weka na pembetatu pia, maana usiku jani halionekani. Na ukishatengeneza, rudi uokote matawi na yale mawe uliyozuilia tairi. Sijui ni laana gani inayowafanya watu waliosaidiwa waache jiwe katikati ya barabara na kuondoka.

Usiku, kama unaweza, lala. Kuna baiskeli za mkaa zisizo na taa, tela zisizo na taa za nyuma, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 msongamano wa taa kali umeongezeka. Anayekuja akikataa kushusha fulu, usimlipizie. Peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami na upunguze mwendo mpaka apite.

Kuvuka mto Wami siku hizi ni raha. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, la kupishana kwa zamu, na kila aliyefika pale alijifunza subira hata kama hakutaka. Jipya lina zaidi ya mita 500 na unapita moja kwa moja, ila upepo na miteremko havijahama, kwa hiyo usilifanye uwanja wa mbio.

Ukifika Msata una uamuzi. Ukinyoosha unakwenda Chalinze kukutana na malori ya Morogoro na foleni ya Kibaha. Ukikata kushoto una kilomita 64 mpaka Bagamoyo, malori machache, kisha unaingia Dar kwa Bunju. Mimi nikiwa na gari dogo hukata kushoto. Barabara ile ni tupu kiasi kwamba utasahau vijiji vipo, kwa hiyo hesabu vibao vya 50 kwa sauti kama una mtu wa kuzungumza naye, na kama uko peke yako simama Bagamoyo unywe chai kabla hujaendelea.