Kutambua na kutunza buli la Yixing

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje kama buli lako la udongo wa Yixing, nchini China, limefinyangwa kwa mkono, na kama unaweza kuliosha kwa sabuni. Nianze na sabuni, kwa kuwa hapo ndipo mabuli mengi mazuri huharibiwa: usiitumie kabisa. Udongo huo, uitwao zisha, haupakwi mng'aro wowote, na hata baada ya kuchomwa kwa joto la takriban nyuzi za sentigredi 1,100 hadi 1,200 hubaki na vitundu vidogo vinavyonyonya harufu. Ndiyo maana wanywaji makini hutenga buli moja kwa aina moja ya chai. Lisuuze kwa maji ya moto, kisha uliache likauke likiwa wazi.

Kuhusu ufinyanzi, mafundi wa Dingshu, mji mdogo ulio Yixing katika jimbo la Jiangsu, kwa desturi hawafinyangi kwa gurudumu. Huugonga udongo kwa nyundo ya mbao mpaka uwe bapa, huukunja ukanda mmoja kuwa duara, kisha huupigapiga taratibu kwa kibao huku wakiuzungusha, hadi tumbo la buli litokeze. Ni kazi ya subira inayonivutia kuliko ufinyanzi wote ninaoujua. Chungulia ndani, upande wa mkono wa buli: mara nyingi utaona alama hafifu ya maungio ya ukanda huo. Hata hivyo, alama hiyo pekee haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu mabuli ya nusu mkono, ambayo udongo wake hukandamizwa ndani ya kalibu, nayo huwa na maungio.