Mtoto kanywa mafuta ya taa, nimpe maziwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka miwili kabugia mafuta ya taa, yalikuwa kwenye chupa ya soda pembeni ya jiko la mchina, majirani wakajaa, huyu mtapishe huyu mpe maziwa, nikamtia kidole akatapika, sasa anakohoa usiku kucha. Nifanyeje?
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mama. Nilishakujibu inbox umkimbize hospitali saa ileile, hapa naandika kwa ajili ya wengine. Mafuta ya taa shida yake kubwa ni mapafuni, ni mepesi mno, mtoto akipaliwa kidogo tu yanateleza huko na kuyaunguza, sasa ukimtapisha unayapitisha njia ileile mara ya pili. Maziwa nayo yanaweza kumtapisha, achana nayo. Mvue nguo zilizolowa, mfute mdomo, mbebe na chupa yenyewe daktari aione. Sikulaumu, mafuta ya kupima dukani utayabebea nini kama sio chupa ya soda, na mtoto akiiona chupa ile anajua soda basi. Tafuta kidumu chenye mfuniko wa kukaza, kining'inize msumarini juu huko asikofika.